Yai la Jumatatu

Siku ya kwanza nafika kijijini nilishuka kwenye bodaboda na begi la shangazi kaja, ndoo ya lita 20 imejaa vyombo, na godoro la tatu kwa sita limekunjwa limefungwa kamba ya katani niliyotoka nayo Tanga, na kabla hata sijamlipa yule kijana wa boda watoto kama kumi hivi wakatokea sijui wapi, wanakimbia kwenye ule udongo mwekundu wengine peku, wanapiga kelele "shikamoo mwalimu! tukupokee mwalimu! tukupokee!" Walijuaje kama mimi ni mwalimu sijui, labda mwalimu mkuu alishatangaza mstarini, labda pale mgeni yeyote anayekuja na godoro ni mwalimu au nesi. Mi nikawaambia asanteni wanangu, nitabeba mwenyewe. Wakasimama pale pale. Nikajitwika ndoo, godoro nikalibana kwapani, begi mkononi, nikaanza kupanda kile kilima kuelekea nyumba niliyoelekezwa. Katoto kamoja ka kike kakanifuata nyuma kimya kimya, kameshika mwisho wa ile kamba ya godoro kwa vidole viwili, mpaka mlangoni. Halafu kakaachia, kakakimbia.

Hiyo ilikuwa 2022, mkoa wa Njombe, upande wa Wabena. Ile kamba nimekuja kuikumbuka sana baadae.

Mi natokea Bweni, Pangani. Ukitoka Pangani mjini unavuka mto na kivuko ndo unafika kwetu. Baba ni mvuvi, mama anakaanga vitumbua asubuhi anauza pale pale karibu na kivuko, kabla watu hawajavuka kwenda kazini. Nilisomea ualimu Korogwe, cheti, daraja la tatu A, nikamaliza 2018, halafu nikakaa nyumbani miaka minne. Mtu ambaye hajawahi kukaa nyumbani na cheti kabatini hawezi kuelewa vizuri hiyo miaka inavyokaa mwilini. TAMISEMI, ofisi ya serikali inayopanga walimu wapya, wakitoa majina ya waliopata kazi unaenda steshenari, kijana anafungua ile PDF, anakuandikia jina lako kwenye kile kisehemu cha kutafutia, mnasubiri wote wawili, hakuna kitu. Anajaribu kuanza na jina la baba. Hakuna. Unamlipa, unatoka, na njiani unakutana na mama fulani anakuuliza kwa nia njema kabisa, mwalimu, hawajakuita tu?

Kaka yangu ndo alikuwa ananibeba miaka yote hiyo. Sabuni yeye, mafuta yeye, bando la kuangalizia hayo majina yeye, hadi pedi zangu alikuwa anampa mama hela anasema "za yule". Sasa siku moja alirudi amechoka, boti iliharibika, hela hakupata, na mimi nikamwomba elfu mbili ya steshenari, akasema mbele ya watu, "mimi nabeba mizigo mingapi jamani?" Usiku ule ule alikuja kuniomba msamaha, na namjua kaka yangu, ni mtu wa moyo mzuri sana, ni njaa ndo iliongea. Ila lile neno mzigo lilibaki. Nikaapa kimoyomoyo siku nikipata kazi sitakuwa mzigo wa mtu yeyote tena duniani. Kwahiyo wale watoto waliponikimbilia na tukupokee tukupokee, hawakujua wananigusa wapi.

Baridi ya Njombe haielezeki. Mji wenyewe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mi nimezaliwa pale ambapo maji yakijaa unayasikia ukiwa kitandani. Mwezi wa sita na wa saba unaamka ukungu umelala mpaka kwenye kizingiti, ukienda kuchota maji vidole vinauma kama vimebanwa na mlango, nguo unayoanika leo inakauka keshokutwa. Nilinunua sweta mbili za mtumba na blanketi zito la kwanza maishani mwangu. Mama mwenye nyumba aliniambia niwe naingiza jiko la mkaa ndani jioni nipate joto ila nilitoe kabla ya kulala, nisisahau hata siku moja, na kila usiku kabla hajafunga mlango wake anapita kwangu anagonga dirisha, "mwalimu, jiko umetoa?" Mpaka leo anagonga. Mwanzoni nilikuwa najibu nimetoa mama kwa sauti ya mtu anayesumbuliwa. Sasa hivi asipogonga silali vizuri.

Na baba. Baba yangu sio mtu wa simu. Anapiga mara moja kwa wiki, Ijumaa baada ya swala, na anauliza swali moja, "upepo huko vipi?" Basi. Namwambia baridi baba, inatoka kusini. Anasema, "ni kusi hiyo, huku pia imeshika, bahari imechafuka. Jifunike." Anakata. Yeye mpaka leo mkoa wa Njombe anauita Iringa, sababu umemegwa kutoka huko 2012 na yeye ramani yake aliisoma zamani, ila upepo anaujua. Ilinichukua muda kuelewa kwamba yule mzee alikuwa anatafuta kitu kimoja ambacho kiko kwake na kiko kwangu pia, akakipata kwenye upepo.

Januari 2023 nikapewa darasa la kwanza. Watoto 67. Darasa la kwanza na la pili tangu 2015 kazi kubwa ni KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na mtu anaweza kuona ni darasa dogo, kazi ndogo, ila wewe fikiria watoto 67 ambao wengine nyumbani wanaongea Kibena tu, penseli hajawahi kuishika, wengine wametembea saa nzima kwenye umande kuja shule na tumboni hamna kitu mpaka uji wa saa nne. Unaanza na sauti. Sio jina la herufi, sauti yake. Mmmm. Aaaa. Halafu unaziunganisha, ma. Unaimba nao, unaruka nao, unaandika hewani kwa kidole nao, unakata kadi za maboksi usiku kwa tochi ya simu. Na kuna siku, hupangi wewe, siku yoyote tu, mtoto mmoja anaangalia ubaoni na uso wake unabadilika. Nimeiona hiyo mara nyingi sasa na kila mara lazima nigeuke nijifanye natafuta chaki.

Kati ya hao 67 kuna mvulana mmoja mdogo wa umbo, anakaa mstari wa mbele dirishani. Anaishi na bibi yake kitongoji cha juu kabisa, kule kwenye mipaini. Mama yake yuko Dar anafanya kazi za ndani. Niliposikia hilo nilikaa nikafikiria, yaani yeye katoka huku milimani kwenda Pwani kulea watoto wa watu, na mimi nimetoka Pwani nimekuja huku kumlelea wa kwake, na hatujawahi kuonana wala pengine hatutaonana. Basi nikawa namwangalia yule mtoto kwa jicho jingine. Sio kumpendelea, kumwangalia tu kama sweta imefungwa.

Jumatatu moja mwezi wa tatu akaja na yai.

Alilibeba kwa mikono yote miwili, limeviringishwa kwenye maganda ya muhindi vizuri kama limevalishwa, na alitembea nalo hivyo kutoka kule juu, kwenye ukungu, njia inateleza. Akasema, "bibi amesema nikupe." Nikapokea nikashukuru. Jumatatu iliyofuata tena. Jumatatu ya tatu tena, na hapo nikaanza kusumbuka. Kwanza wenzake wanaona. Pili chuoni tulifundishwa maadili ya kazi, mwalimu na zawadi ni jambo la kuangalia sana. Tatu, na hili ndo lilinikaa zaidi, nilishapita pale kwao siku moja natafuta watoro nikaona bibi ana kuku wawili tu. Tangu 2016 ada hakuna shule za serikali, ila daftari, sare, sweta, viatu ni juu ya mzazi, na kwa bibi kama yule mayai ndo daftari, yai ndo chumvi, yai ndo mafuta ya taa. Mimi nina mshahara. Nakulaje yai la mtu kama huyo?

Basi nikamwinamia yule mtoto nikamwambia taratibu, mrudishie bibi, mwambie mwalimu anashukuru sana ila ale yeye, mwalimu ana hela ya kununua. Nililifunga tena kwenye maganda yake. Kwa moyo wangu wote nilijua nimefanya wema. Nilimwangalia akiondoka saa sita nalo mkononi, anatembea polepole kuliko alivyokuja.

Kesho yake, Jumanne, saa nne watoto wanakunywa uji, bibi akaja.

Nilimkuta kakaa kwenye benchi nje ya ofisi, kanga kichwani, nyingine kiunoni, miguu imelowa umande mpaka kwenye magoti. Nikamwamkia shikamoo bibi. Akaitikia, marahaba mwalimu, halafu akanisalimia na ya kwao, kamwene, nikajibu kamwene, hiyo nilishaijua. Nikamkaribisha ndani akasema hapa panatosha. Akakaa kimya kidogo anawaangalia watoto. Halafu akafungua pindo la kanga, polepole, lile fundo ambalo wanawake wetu wanaweka hela, na ndani yake mlikuwa na lile yai.

"Mtoto kasema umelirudisha."

"Ndiyo bibi, ila ni kwa sababu..."

"Lilikuwa viza?"

Sikuweza kujibu. Akaendelea, sauti ya chini, kama mtu anayejieleza mbele ya mkubwa wake, na mimi umri wangu ni wa mjukuu wake. "Nililichagua mwenyewe mwalimu. Nililitia majini, likalala. Halikuelea." Na akanionyesha kwa kiganja, akakilaza chini taratibu, vile yai zima linavyolala kwenye bakuli.

Jamani. Huyu mama mzima usiku ule wote alikuwa anafikiria amempa mwalimu kitu kibovu. Ameshuka kile kilima chote na miguu yake ile kuja kuuliza. Nilichokiita wema kimefika kwake kama aibu. Nilitamani nimwambie mambo yote, kaka yangu, steshenari, neno mzigo, ila mambo kama hayo unamwambiaje mtu kwenye benchi saa nne asubuhi. Nikapiga goti, nikanyoosha mikono yote miwili vile tulivyofundishwa kwetu kupokea kitu cha mkubwa, nikamwambia bibi nisamehe, lilikuwa zima, mimi ndo sikujua. Akaliweka mikononi mwangu. Lilikuwa na joto la mwili wake. Akasimama, akajifunga kanga vizuri, akasema, "ule wewe. Usimpe mtu." Akaondoka.

Nikaenda kwa mwalimu mkuu nikamweleza kila kitu, sababu sikutaka jambo la kificho. Ni mzee wa karibu kustaafu, ameshafundisha vijiji vingi. Akaniuliza, "rushwa huwa inadai kitu. Huyu bibi anadai nini kwako?" Nikasema hadai kitu. "Basi pokea mbele ya watu wote, usifiche, na mtoto akikosea msahihishe kama wenzake. Ila kumrudishia mtu wa huku kitu chake mkononi, mwalimu, ni kumwambia hatujuani." Lile yai nililichemsha jioni nikala na chumvi. Nililila lote peke yangu kama nilivyoagizwa na kila tonge lilipita kwa shida kooni.

Sasa niseme kuhusu mama yangu maana bila hilo hii habari haijakamilika.

Nilipoanza kupata mshahara, Agosti 2022, kila mwezi nikawa namtumia mama elfu 50 kwa simu na ya kutolea juu. Makato yalikuwepo, kodi ya nyumba ipo, nilikuwa najibana, ila ile meseji ya kuthibitisha kwamba imefika ilikuwa inanipa raha ambayo sijawahi kuipata popote. Mama kila mara anasema, "usinitumie mwanangu, jijenge kwanza, mi nina vitumbua vyangu." Naona ni maneno ya mama tu. Desemba nikaenda likizo. Siku ya pili pale nyumbani usiku akaingia chumbani na kopo la maziwa ya unga, lile la bati, akaliweka kitandani. "Hela zako hizi." Nikafungua. Laki mbili kamili, miezi minne yote, zimekunjwa kunjwa na raba. Alikuwa akizitoa kwa wakala anaziweka. Hakugusa hata ya sabuni.

Alijua ananipa zawadi. Na mimi nilisema asante mama, ni nyingi, zitanisaidia. Ila nikatoka nikaenda kukaa kule chini kwenye mto nikalia. Sikuweza kujieleza kwa nini nalia, mtu karudishiwa hela zake analia nini? Nilijisikia kama ni mimi mwenyewe nimerudishwa. Miaka minne nimekula vya watu, sasa nina changu, nakuja nacho mikononi, na mama yangu mzazi hakili.

Sikuwahi kumwambia. Mwaka mpya ukaanza nikarudi kazini, nikapunguza kumtumia, mara nyingine nikapitisha mwezi, na simu zetu zikawa fupi bila mtu kujua kwa nini.

Basi usiku ule wa siku ya bibi nikampigia. Bando la dakika lilikuwa limebaki kidogo ila nikamhadithia yote, maganda ya muhindi, fundo la kanga, lile neno viza, mkono wake alivyoulaza. Mama akanyamaza. Nikadhani mtandao, maana kule kwetu mtandao unasumbua mvua ikinyesha. Nikaita mama? Akasema, "nipo." Halafu akaniuliza, "lile kopo, ulilia?"

Nikasema nililia mama.

Akanyamaza tena. Nikasikia anafukuza paka. Halafu, kwa sauti ya kawaida kabisa kama anaagiza dukani, akasema, "basi mwezi huu nitumie ya mchele. Kilo kumi. Na nazi zimepanda bei siku hizi, uongeze kidogo."

Jamani mimi sijawahi kuagizwa kitu kikanifurahisha vile. Nilituma kesho yake asubuhi kabla ya mstari, nimesimama nyuma ya darasa kwenye kile kipande ambacho mtandao unashika. Jioni ya siku iliyofuata akanipigia kuniambia mchele aliopata ni wa Kyela, umetoa vitumbua laini, wateja wamemaliza kabla ya saa mbili, na mzee fulani wa kivukoni kauliza leo umeweka nini. Tangu siku hiyo mama ananiagiza. Mwezi mwingine mafuta, mwezi mwingine dawa ya mgongo ya baba, mara moja alinitumia meseji "nataka dera jipya la Idi, la rangi ya kijani", nikaisoma mara tatu nne.

Kiukweli mambo mengi yalibadilika baada ya hapo, ila kidogo kidogo. Nilianza na madaftari. Watoto wa darasa la kwanza kitu wanachogombania kuliko pipi ni kumbebea mwalimu madaftari na boksi la chaki kutoka darasani mpaka ofisini, na mimi muda wote huo nilikuwa nabeba mwenyewe. Nikaweka zamu. Ukiwaona wanavyotembea na yale madaftari kifuani, taratibu, midomo imekazwa, utadhani wamebeba maiti wa mfalme. Kuna siku nilishikwa na kifua nikalala siku tatu, mama mwenye nyumba akanitengenezea uji wa ulezi, wanafunzi wa darasa la sita wakaniletea kuni, na kwa mara ya kwanza tangu nimekuwa mtu mzima nililala tu nikaacha watu wanihudumie. Sikusema msijisumbue. Hilo msijisumbue nimelifuta mdomoni, maana nimeshaona uso wa mtu anayeambiwa hivyo.

Na kwetu sisi neno ni moja tu, ukifikiria vizuri. Mgeni anapokewa, mzigo unapokewa, simu inapokewa, zawadi inapokewa, hata wimbo mmoja anaanzisha wengine wanapokea. Nimelitumia hilo neno maisha yangu yote nikawa sijalisikia.

Mwezi wa tisa nilimtembelea bibi. Nilipeleka sukari na sabuni ya mche, akapokea, hakuniambia ungeacha. Tukakaa jikoni kwenye moto, mjukuu wake anatuchomea mahindi kwenye makaa. Nilikuwa naongea na bibi mara nikasikia nyuma yangu kasauti, kanavuta, kama tunavyofanya darasani. "We. Ma. Wema." Nikageuka. Yule mtoto kainama amekazia macho pindo la kanga ya bibi yake, kanga imechakaa imekuwa nyepesi kama karatasi, lakini jina lake bado linasomeka. Kidole kinatembea chini ya herufi. "Ha. U." Akasimama. Nikataka kumsaidia nikajizuia, nikashika mdomo wangu kabisa kwa mkono. "O. Zi. Hauozi. Wema hauozi."

Bibi akamuuliza, "ndivyo palivyoandikwa?" Mtoto akaniangalia mimi. Nikasema ndivyo bibi. Bibi akashika lile pindo akaliangalia karibu sana na macho, akalinyoosha kwenye goti lake na kiganja. "Aliyeniuzia aliniambia pameandikwa Mungu ni mwema. Nimeivaa miaka hii yote najua ni hivyo." Akafikiri. "Nalo sio baya." Kisha akamwambia mjukuu wake asome tena. Akasoma. Akamwambia aende chumbani alete na ile nyingine.

Mi natoka Pwani, kanga kwetu ndo maneno yenyewe, mtu anachagua jina kabla ya rangi. Sikuwahi kufikiria mtu anaweza kuvaa maneno miaka kumi bila kujua yanasema nini, halafu akaja kusomewa na mtoto wa miaka saba. Mshahara wangu wote wa mwaka ule sijui kama unafika hapo.

Desemba 2023 nikafunga mizigo kwenda likizo. Asubuhi ya safari gizani bado bibi akawa mlangoni kwangu na mtoto, na kindoo cha lita tano cha maharage. Akaniambia, "ya mama yako. Mle ndani kuna mayai sita, yasitikisike." Aliyazika katikati ya maharage, moja moja, hakuna linalogusa mwenzake. Nikampa mtoto begi langu anipokee mpaka kituoni. Kalibeba kichwani njia nzima, hakukubali kupumzika.

Ni safari ndefu hiyo. Makambako, Iringa, ile miteremko ya Kitonga ambayo nilikipakata kile kindoo kama mtoto mchanga, Mikumi, Morogoro, nikashuka Chalinze kusubiri basi la Tanga, joto limeanza, sweta nimeivua. Nikalala Tanga mjini kwa shangazi, kesho yake Pangani. Kwenye kivuko nilimwona baba kutoka katikati ya mto. Amesimama ng'ambo pale kivuko kinapotia nanga, kofia yake ile, mikono nyuma. Kila nikirudi huwa anakuja pale na kila mara huwa namwambia acha baba nabeba mwenyewe, umechoka. Kivuko kikagusa. Akaja, akanyoosha mkono bila kusema kitu. Nikampa begi kubwa. Akanyoosha na mkono wa pili, nikampa na kiroba cha viazi. Akatangulia mbele yangu anatembea haraka, mzee wa miaka sitini na kitu, mabega yamenyooka, kila anayekutana naye anamwambia "mwalimu kaja, huyo." Mi nilibaki na kindoo tu.

Nyumbani mama akachota maji kwenye bakuli kubwa la bati. Akafukua maharage akatoa la kwanza akalitia, likalala. La pili likalala. La tano lilikuwa na ufa, akaliweka pembeni la kukaanga jioni. Mengine yote yalilala chini kabisa, yametulia, na mama akawa ameinama anayaangalia muda mrefu kuliko mayai yanavyoangaliwa.

"Mpigie huyo mama," akasema.

Bibi ana simu ya kitochi, mwanae alimtumia kutoka Dar. Kikaita sana. Akapokea, nikamwambia tumefika salama, nikampa mama simu. Mama akasikiliza, halafu akaiondoa sikioni, akaniangalia, "anasemaje?"

"Anakusalimia. Mjibu kamwene."

Mama akaisogeza tena, akaishika kwa mikono miwili. "Kamwene, dada!" akasema, kwa sauti ya juu, vile tunavyomwita mtu aliyeko ng'ambo ya mto.